Mlinzi wa dukani ageuka karani: Takwimu za mauzo ni mali ya nani?

Na Mwandishi Wetu, Kitomanga

MSAFIRI atokaye Kilwa kuelekea Lindi, akishauvuka Mto Mbwemkuru, hufika Kitomanga kabla ya kuiona Mchinga na bahari yake. Ni mahali pa kando ya barabara kuu, ambapo maduka ya rejareja huuza yale yale yauzwayo vijijini kote katika pwani hii: sukari, unga, sabuni, mafuta ya taa, betri, vocha za simu na daftari za shule.

Mgeni akisimama mbele ya duka la aina hiyo ataona jambo ambalo mwenyeji amekwisha kulizoea hata halioni tena. Kati ya mnunuzi na bidhaa pana nondo. Mnunuzi hubaki nje, hutaja anachokitaka, mwenye duka hukichukua kutoka shubakani, hupokea fedha na kukipitisha katika kidirisha. Nondo zile ni za kuzuia wizi, wa usiku na wa mchana pia. Hata hivyo, zina kazi ya pili ambayo fundi aliyezichomelea hakuifikiria. Kwa kuwa kila kitu hupita mikononi mwa mwenye duka, yeye hujua kila kilichouzwa, aliyekinunua, saa aliyokinunua na aliyekichukua kwa mali kauli. Jioni, kabla hajafungua daftari, anajua kichwani mwake kwamba sukari imekwenda sana na kwamba sabuni imelala.

Kwa maneno mengine, mlinzi wa duka la Kitomanga ndiye pia karani wake wa takwimu. Kazi hizo mbili hazijapata kutenganishwa, na faida zake zote zimebaki kwa mtu mmoja, yaani mwenye duka mwenyewe.

Katika maduka makubwa ya dunia kazi hizo mbili zilitengana, na sasa zinarudishwa pamoja kwa mitambo. Safari hii, hata hivyo, anayepata takwimu si lazima awe mwenye duka, na mara nyingi anayehesabiwa haambiwi kwamba anahesabiwa. Mabadiliko hayo yamekwisha kufika nchini kwa sura yake ya Kitanzania, na yanamgusa hata mwuza sukari wa Kitomanga ambaye hajapata kuingia katika duka kubwa la kujihudumia. Ndiyo sababu yanastahili kuchambuliwa.

Chanzo chake ni duka la kujihudumia. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, ambamo kwa mara ya kwanza mnunuzi aliruhusiwa kuingia ndani, kuchukua bidhaa mwenyewe na kulipa mlangoni. Mtindo huo ulipunguza gharama za wauzaji na ukaenea duniani. Lakini kwa kuondoa kaunta, mwenye duka alipoteza vitu viwili kwa pamoja: ulinzi wa bidhaa, kwa sababu mkono wa mnunuzi sasa uliweza kuingia mfukoni bila kuonekana, na kumbukumbu ya mauzo, kwa sababu hakuwa tena anamkabidhi kila mtu kila kitu.

Ilichukua takriban nusu karne kuvirudisha, na kila kimoja kilirudi kwa njia yake. Kumbukumbu ilirudi kwa njia ya mistari myeusi inayosomwa na mashine. Bidhaa ya kwanza kusomwa kwa mistari hiyo dukani ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna, Juni 26, 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio. Ulinzi ulirudi kwa njia ya vibandiko vya kuzuia wizi, vilivyobuniwa nchini humo katika miaka ya 1960. Kampuni ya Sensormatic, iliyoasisiwa na Ronald Assaf, ilikuwa miongoni mwa zilizoanza kuviuza.

Utendaji wa kibandiko cha aina hiyo ni rahisi. Ndani yake kuna waya uliozungushwa au vipande vyembamba vya chuma vinavyoitikia mawimbi ya aina moja tu. Nguzo mbili zilizosimama mlangoni hurusha mawimbi hayo. Kibandiko ambacho hakikuzimwa au kuondolewa na mpokea fedha huitikia, na king'ora hulia. Lakini mfumo huo hujua jambo moja tu: kwamba kuna kibandiko kinapita. Haujui kama ni shati au sufuria, la jana au la mwaka jana. Kwa miaka mingi, basi, mlinzi wa mlangoni alikuwa na masikio lakini hakuwa na kumbukumbu.

Hali hiyo ilianza kubadilika pale vibandiko vilipowekewa chipu inayojibu kwa mawimbi ya redio na kutaja namba yake yenyewe. Mistari myeusi husema "mimi ni shati la aina fulani." Chipu husema "mimi ni shati hili, si jingine." Mwaka 2003 kampuni ya Walmart iliwataka wagavi wake wakubwa 100 waanze kuweka chipu hizo katika shehena zao ifikapo mwanzoni mwa mwaka 2005. Mwaka 2014 kampuni ya Inditex ya Hispania, yenye maduka ya nguo ya Zara, ilieleza jinsi ilivyoziweka chipu hizo ndani ya vile vile vifungo vya plastiki vya kuzuia wizi. Nguo ikiuzwa, kifungo hung'olewa na kutumiwa tena katika nguo nyingine. Papo hapo mfumo hujua kwamba nguo ya rangi fulani na kipimo fulani imetoka, na ghala huagizwa kuleta nyingine.

Hapo ndipo kifaa cha kuzuia wizi kilipogeuka rasmi kuwa kifaa cha kukusanya takwimu za mauzo. Zile nguzo za mlangoni nazo zimepandishwa cheo. Mwaka 2016 kampuni ya Tyco, iliyokuwa ikimiliki Sensormatic, iliinunua ShopperTrak, kampuni iliyojijengea jina kwa kuhesabu watu wanaoingia madukani. Tangu hapo nyumba moja inauza ulinzi na hesabu ya wateja. Mlango ukisema wameingia watu 100, na mashine ya fedha ikasema zimetoka stakabadhi 20, mwenye duka anajua kwamba watu wanne katika kila watano wameondoka mikono mitupu, naye huanza kutafuta sababu.

Hakuna ubaya katika hayo yote kwa asili yake. Duka linalojua kilichouzwa halijazi ghala kwa vitu visivyotakiwa. Tatizo huanza pale chombo kilichowekwa kwa sababu moja kinapotumiwa kwa nyingine bila mhusika kuelezwa. Mwezi Desemba 2023, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliizuia kampuni ya maduka ya dawa ya Rite Aid kutumia kamera za kutambua nyuso kwa miaka mitano, baada ya kubainika kuwa mfumo uliowekwa kukamata wezi uliwatuhumu kimakosa wateja wasio na hatia. Kamera ilikuwa ya kuzuia wizi. Kilichokusanywa, hata hivyo, kilikuwa nyuso za kila aliyeingia.

Msomaji wa Kitomanga anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa kando ya barabara ya vumbi na korosho? Jibu ni kwamba nchini mwetu lango la kuzuia wizi lenye kumbukumbu halikuanza na mwenye duka. Lilianza na Serikali, na wizi uliokusudiwa kuzuiwa ni wa kodi.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa Tanzania Bara Julai 1998. Kodi hiyo hukusanywa na muuzaji kutoka kwa mnunuzi kwa niaba ya Serikali, hivyo muuzaji asiyeandika mauzo hubaki na fedha isiyo yake. Ili kuziba mwanya huo, kanuni za mwaka 2010 zilileta mashine za kielektroniki za kutolea stakabadhi, maarufu kama EFD. Zilianza kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika kodi hiyo. Mwaka 2013 ilifuata awamu ya pili, iliyowagusa wasiosajiliwa wenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 14 kwa mwaka.

Mashine hiyo ina namba yake, huandika tarehe na saa ya kila mauzo, hutunza kumbukumbu isiyofutika, na kila siku hufunga hesabu kwa taarifa iitwayo Z ambayo huitumwa kwa mtandao wa simu hadi Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Baadaye ikaja programu inayofanya kazi hiyo hiyo bila mashine ya pekee. Kwa lugha ya madukani, EFD ni ile nguzo ya mlangoni, isipokuwa king'ora chake hakilii dukani. Kinalia ofisini kwa mkusanya kodi.

Chombo cha pili kimebandikwa kwenye chupa. Kuanzia Januari 15, 2019, stempu za kodi za kielektroniki zilianza kutumika kwa vinywaji vikali, mvinyo, bia na sigara, na baadaye mwaka huo zikafikishwa kwa vinywaji baridi. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuzuia ukwepaji wa ushuru na bidhaa bandia, na mnunuzi aliwekewa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu ili athibitishe mwenyewe. Lakini stempu yenye namba, ikibandikwa kwenye kila chupa inayotoka kiwandani, huhesabu chupa. Kabla yake Serikali ilitegemea zaidi hesabu iliyopelekwa na kiwanda chenyewe. Baada yake ina hesabu yake. Kibandiko cha kuzuia udanganyifu kimekuwa daftari la uzalishaji.

Hivyo chupa ya soda iliyo katika jokofu la duka la Kitomanga imekwisha kuhesabiwa mara moja kabla ya kufika pale, na huenda ilihesabiwa mara ya pili kwa mfanyabiashara wa jumla mjini Lindi aliyetoa stakabadhi. Mwenye duka mwenye nondo anadhani hesabu yake iko kichwani mwake peke yake. Haiko tena.

Je, mitambo hiyo inajua nini, na haijui nini? Hapa ndipo penye uzito wa jambo, kwa sababu takwimu zenye pengo, mikononi mwa mwenye mamlaka, zinaweza kumwumiza mtu kuliko kutokuwa na takwimu kabisa.

Kwanza, mashine hujua mauzo, haijui faida. Tuchukue mfano wa duka lililouza bidhaa za shilingi milioni moja kwa mwezi. Kama nyingi ya bidhaa hizo ni sukari na unga, ambazo faida yake ni ndogo, huenda baada ya bei ya kununulia na nauli ya gari mwenye duka akabaki na shilingi 80,000. Duka jingine lililouza khanga na vitenge vya shilingi 400,000 linaweza kubaki na zaidi. Katika skrini ya mkaguzi, la kwanza ni kubwa zaidi ya mara mbili. Nyumbani kwa wenye maduka, mambo ni kinyume.

Pili, mashine nyingi hujua kiasi cha fedha bila kujua bidhaa. Mwenye kununua mara kwa mara amekwisha kuona stakabadhi zilizoandikwa neno la jumla tu na jumla ya fedha. Stakabadhi ya aina hiyo yatosha kwa mkusanya kodi, lakini haitoshi kwa mtu anayetaka kujua kama wananchi wa Lindi wananunua unga zaidi au kidogo kuliko mwaka uliopita.

Tatu, na hili ni la Kitomanga hasa, mashine haijui misimu. Fedha ya wilaya za pwani ya Lindi haiji kwa mwezi, huja kwa mazao. Ufuta unapovunwa na kupelekwa minadani katikati ya mwaka, nyumba nyingi hupata fedha kwa pamoja. Korosho hufuata kuanzia Oktoba. Kati ya misimu hiyo duka huuza vijiko na vibaba, na daftari la mali kauli hunenepa.

Tufanye hesabu ya mfano. Duka huuza shilingi 600,000 kwa mwezi katika miezi minane ya ukata, yaani jumla shilingi milioni 4.8. Katika miezi minne ya neema huuza shilingi milioni mbili kwa mwezi, yaani milioni nane. Kwa mwaka mzima mauzo yake ni shilingi milioni 12.8, chini ya kile kiwango cha milioni 14 kilichowekwa wakati wa awamu ya pili ya EFD. Ofisa atakayeona mauzo ya Julai pekee na kuyazidisha kwa 12 atapata shilingi milioni 24. Atakayeona Februari atapata milioni 7.2. Wote wawili wana takwimu sahihi za mwezi, na wote wawili wamekosea kuhusu mwaka. Anayeijua Kitomanga hawezi kufanya kosa hilo, lakini takwimu husafiri mbali na watu wanaozijua.

Hofu hiyo ndiyo kiini cha migogoro ambayo vyombo vya habari vimeiita mara nyingi migogoro ya kodi, ingawa kwa undani wake ni migogoro ya imani. Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia pamoja na mengine kikosi kazi cha ukaguzi, usajili wa stoo na adha ya stakabadhi. Siku mbili baadaye aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge wa Ruangwa katika mkoa huu wa Lindi, alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hiyo mgomo ukaigusa miji mingine. Nchini Uganda, Aprili 2024, wafanyabiashara wa Kampala nao walifunga maduka wakipinga mfumo wa stakabadhi za kielektroniki uitwao EFRIS, ulioanza kutumika mwaka 2021. Kenya imepita njia hiyo hiyo, kutoka mashine za awali hadi mfumo wa eTIMS wa mwaka 2023.

Wakati Kariakoo inafungwa, duka la Kitomanga nalo hutikisika, kwani sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani huanzia huko. Mwenye duka mdogo husafiri au huagiza kwa simu, mzigo hupakiwa katika basi au lori, na njiani mzigo usio na stakabadhi huweza kuzuiwa. Hapo mdogo hubanwa pande mbili. Mfanyabiashara wa jumla anaweza kumwuzia kwa bei nafuu "bila karatasi" au kumpa stakabadhi yenye kiasi pungufu, na mkaguzi akimsimamisha barabarani, mwenye kuulizwa si yule wa Kariakoo, bali ni yeye aliyeketi juu ya mzigo. Sheria humwajibisha anayeuza bila stakabadhi na pia anayenunua bila kuidai. Mwenye nguvu ndogo kati ya hao wawili hujulikana.

Swali la kujiuliza ni hili: sheria zetu zinasema nini kuhusu taarifa zilizokusanywa kwa sababu moja na kutumiwa kwa nyingine? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka ofisa wa kodi kutunza siri za mlipakodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka msingi kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali lililoelezwa, na zisitumiwe kinyume cha lengo hilo. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019.

Msingi huo ukisomwa mbele ya kaunta, una maana nzito. Duka kubwa la mjini lenye kamera za kuzuia wizi haliwezi kudai kwamba bango la "unapigwa picha kwa usalama" limeliruhusu pia kuchambua nani alisimama mbele ya rafu ipi kwa dakika ngapi. Usalama ni lengo moja na biashara ni lengo jingine. Vivyo hivyo mauzo ya duka la mtu mmoja, ambaye ndiye mwenye leseni na ndiye mwenye duka, ni taarifa kuhusu maisha yake: anakula nini, anasomesha kwa nini, na ana uwezo gani. Kusema kwamba hizo ni takwimu za biashara tu, wala si za mtu, ni kusahau kwamba Kitomanga biashara na mtu hulala chumba kimoja.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba dawa ni kuzima mashine. Mwenye kutaka kila kitu kibaki kichwani mwa mwenye duka asahau pia faida ambazo takwimu zingeleta.

Mapema mwaka 2024 sukari iliadimika nchini baada ya mvua nyingi kuathiri uzalishaji, bei ikapanda na Serikali ikatangaza bei elekezi. Kila upande ulimtuhumu mwingine: viwanda, wasambazaji, wenye maduka. Kama stakabadhi zingetaja bidhaa na si jumla tu, ingewezekana kujua kwa siku chache sukari imekwama wapi kati ya ghala la jumla na kibaba cha mlaji. Mwenye duka wa kijijini, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuitwa mlanguzi, angekuwa na ushahidi wa kumtetea.

Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikumba pwani hii, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika, na magari yakakwama pande zote mbili. Katika hali kama ile, swali la kwanza la kiongozi wa mkoa linapaswa kuwa: maduka yetu yana unga na mafuta ya siku ngapi? Takwimu za mauzo zingeweza kulijibu kwa makisio ya haraka. Bila takwimu hizo, jibu hupatikana kwa kupiga simu na kubahatisha.

Na kuna mkopo. Mwenye duka aendaye kuomba mkopo huulizwa mzunguko wa biashara yake. Daftari lake la kurasa zilizopinda, lenye majina ya nusu ya kijiji, halimshawishi ofisa wa mikopo. Taarifa za miaka mitatu za mauzo, zikionyesha kupanda kwa Julai na kushuka kwa Februari, zingemwezesha kukopa kwa marejesho yanayofuata ufuta na korosho badala ya marejesho ya kila mwezi yanayomkuta mikono mitupu. Takwimu zile zile zinazoweza kumkadiria kodi isiyo yake ndizo zingemtafutia mkopo unaomfaa. Tofauti ni nani amezishika na anazisoma kwa jicho gani.

Ikumbukwe kwamba nchi hii imekwisha jaribu njia ya kuwaacha wadogo nje ya hesabu. Desemba 2018 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni nne kwa mwaka, kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Machinga wengi walishukuru, kwani waliondokana na bughudha. Lakini kitambulisho hakikuandika mauzo, na aliyekishika hakupata kumbukumbu ya kuonyesha benki. Amani ilipatikana kwa gharama ya kutoonekana.

Kati ya kutoonekana kabisa na kuonekana na upande mmoja tu, ipo njia ya tatu, nayo haihitaji mitambo mipya. Inahitaji mambo manne.

La kwanza ni mwenye duka kurudishiwa takwimu zake. Mashine inayotuma taarifa kila siku ofisini ishindwe vipi kumtumia mwenyewe, kila mwisho wa mwezi, muhtasari wa Kiswahili katika simu yake: umeuza kiasi gani, ukilinganisha na mwezi kama huu mwaka jana? La pili ni makadirio ya kodi katika maeneo ya kilimo kuzingatia mwaka mzima wa mazao, na ofisa anayekadiria atakiwe kuonyesha hesabu ya miezi 12, si ya mwezi alioupenda. La tatu ni kutenganisha macho: takwimu za jumla za eneo zitumike kwa mipango ya chakula na barabara baada ya kuondolewa majina, na zisiwe chambo cha kumfuata mtu mmoja mmoja kwa jambo ambalo hakuelezwa. La nne ni maduka makubwa ya mijini kutakiwa kuwaambia wateja, kwa bango linalosomeka, mitambo yao ya mlangoni inakusanya nini zaidi ya wezi.

Mambo hayo yakifanyika, stakabadhi itaanza kuwa na maana kwa anayeitoa. Kwa sasa kwa wengi ni karatasi ya kumkimbia mkaguzi, na mtu huitupa mara apitapo kizuizi. Watu hawatunzi kitu kisichowafaa. Mamlaka inaweza kuongeza faini na vikosi, na imewahi kufanya hivyo, lakini migomo ya mwaka 2023 na 2024 imeonyesha kikomo cha njia hiyo.

Mwenye duka wa Kitomanga hakuzichukia nondo zake, ingawa zinaligeuza duka lake lifanane na mahabusu. Alizikubali kwa sababu zinalinda mali yake na zinamwachia yeye hesabu. Mtambo wowote utakaoletwa mlangoni pake, uwe wa Serikali au wa kampuni, utapimwa kwa kipimo hicho hicho. Ukilinda mali ya mwingine na kuchukua hesabu yake bila kumrudishia kitu, atatafuta njia ya kuuzunguka, na hakuna king'ora kitakachomzuia.